Ubavuni mwa Tairi la Pijo

Kila tairi hutoka kiwandani likiwa na cheti chake cha kuzaliwa ubavuni. Upana wake, kipenyo cha rimu yake, uzito linaoweza kubeba, kasi linayoweza kuvumilia, wiki na mwaka lilipotengenezwa. Wengi wetu hatukisomi. Tunaegesha gari, tunamwambia fundi "weka kama hizi," tunalipa kwa M-Pesa, tunaenda zetu. Kama una Toyota, hiyo inatosha kabisa. Lakini ukiwa na gari la Kifaransa la mwaka 1979, huna budi kujifunza kusoma. Na ukishajua kusoma, zile nambari zinaanza kusimulia mambo ya watu wawili wa Clermont-Ferrand, ya milimita na inchi, ya vumbi la Safari Rally, na ya kiwanda kimoja cha Nairobi kilichonyamaza.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ya kawaida ya abiria, si pikapu wala stesheni wagoni. Mjomba wangu aliniachia. Hapa kwetu hakuna anayeita Peugeot. Tunaita Pijo, na ukisema Pijo mbele ya mtu wa miaka sitini, uso wake unalainika. Atakuambia walivyokuwa wakipanda Pijo kwenda Nakuru, Eldoret au Kisumu, abiria wamepangwa safu tatu, mizigo juu ya paa, dereva akiwa na haraka kama mtu anayefukuzwa na deni.

Injini ya mjomba inawaka hadi leo. Si ajabu. Pijo haifi kwa injini. Gasketi utachongewa. Bushi utatengenezewa na fundi wa leidhi pale Kariobangi Light Industries ukimpelekea ile iliyokufa kama mfano. Kioo cha taa utakipata Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ukiwa na subira na ukijua kunung'unika bei. Kiti kitashonwa, bodi itapigwa, waya zitaunganishwa. Jua kali inaweza kufufua karibu kila kiungo cha gari.

Isipokuwa tairi.

Fikiria kidogo. Tairi la zamani linaweza kugeuzwa kuwa akala. Linaweza kuwa kamba ya kufungia mzigo, ndoo ya kisimani, kizingiti cha maua, bembea ya watoto, gurudumu la mkokoteni. Lakini hakuna kitu hapa duniani kinachoweza kugeuzwa kuwa tairi. Lazima kiwe kiwanda, chenye kalibu ya saizi hiyohiyo, chenye mvuke na shinikizo, na chenye sababu ya kibiashara ya kuendelea kuitengeneza. Kwa hiyo tairi ndipo mahali ambapo gari la zamani linategemea kukumbukwa na watu wasiolijua. Siku viwanda vinapoisahau saizi yako, gari lako limekufa, hata kama injini inaimba.

Saizi ya Pijo yangu ni 175 R 14. Inaonekana rahisi, sivyo? Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

"175 ya kumi na nne?" kijana wa dukani aliniuliza. "Bosi, si hizi hapa. Niko nazo kibao."

Akaniletea tairi limeandikwa 175/65 R14, lile linalovaliwa na Honda Fit na magari mengine madogo unayoyaona kila kona ya mji.

"Hii ina mstari na sitini na tano," nikamwambia. "Yangu haina mstari."

"Aah, hiyo ni kuandika tu. Zote ni moja."

Si moja, na hapa ndipo historia inapoanza kuuma. Nambari 65 inamaanisha kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana wake. Katika miaka ya 1960, 504 ilipokuwa ikibuniwa, hakuna aliyeandika asilimia hiyo kwa sababu karibu matairi yote ya radiali yalikuwa na kimo kimoja, takriban asilimia 80 ya upana. Kitu kikiwa cha kila mtu hakiandikwi. Baadaye matairi ya ubavu mfupi yalipoingia sokoni, hao wageni ndio walioandikwa mstari na nambari, na wenyeji wakabaki bila. Leo wageni wamekuwa wengi hadi mwenyeji anaonekana kama amesahau kujaza fomu.

Piga hesabu. Tairi la 175 R14 lina kipenyo cha karibu milimita 635. Lile la 175/65 R14 lina milimita 583. Gari linashuka milimita 26 karibu na ardhi, na kwa barabara zetu hizi, milimita 26 ndizo tofauti kati ya kuvuka jiwe na kulibeba. Mshale wa mwendo ukisoma kilomita 100 kwa saa, utakuwa unakwenda kama 92. Kubwa zaidi ni uzito: tairi la zamani lina alama ya 88, yaani kilo 560 kwa kila tairi. Lile dogo mara nyingi lina alama ya 82, yaani kilo 475. Ni pungufu ya kilo 85 kwa kila kona ya gari ambalo lilijengwa kubeba familia nzima na gunia la viazi. Mimi nilitaka kuteremka nalo kuelekea Mai Mahiu, watu wanne ndani, malori nyuma yangu. Huko si mahali pa kugundua kwamba zote si moja.

Sasa turudi nyuma, hadi Ufaransa, kwa sababu fujo yote hii ya nambari ilipikwa huko.

Mwaka 1895, ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi Paris. Walitaka kuthibitisha kwamba gari linaweza kutembea juu ya hewa. Wakati huo magari yalivaa magurudumu magumu, na hakuna mtengenezaji aliyekuwa tayari kuhatarisha jina lake kwa mpira uliojazwa upepo. Basi waliendesha wenyewe gari walilolipa jina la L'Éclair, na gari hilo lilijengwa juu ya chasisi ya Peugeot. Walipata pancha baada ya pancha, lakini walifika. Kwa maneno mengine, Pijo na tairi la upepo ni marafiki wa kabla ya Reli ya Uganda kufika Nairobi.

Hatua ya pili ilikuja tarehe 4 Juni 1946, Michelin walipoomba hataza ya tairi la radiali. Katika tairi la kizamani, nyuzi za ndani zilikuwa zimepishana kimshazari, kama ukindu wa mkeka. Zilisuguana tairi lilipozunguka, zikapata joto, mpira ukaliwa haraka. Kwenye radiali, nyuzi zinatoka ukingo mmoja hadi mwingine moja kwa moja, halafu mshipi wa waya za chuma unazunguka chini ya meno. Ubavu unalegea, uso unabaki bapa barabarani. Tairi linadumu zaidi, linashika kona vizuri zaidi na linakula mafuta kidogo. Lilianza kuuzwa mwaka 1949 kwa jina la Michelin X.

Michelin walikuwa na faida moja ambayo washindani wao hawakuwa nayo. Citroën ilifilisika mwaka 1934, na Michelin, waliokuwa wakiidai pesa nyingi, waliichukua. Kwa hiyo kampuni ya tairi ilikuwa na kampuni ya magari mfukoni. Ilibuni tairi, ikabuni gari la kulivaa. Ndiyo maana radiali iliota mizizi Ufaransa mapema sana, wakati kwingineko watu bado walikuwa wanavaa mikeka.

Lakini waliandika saizi kwa lugha yao. Ufaransa ndiyo nchi iliyozaa mfumo wa mita, wakati wa Mapinduzi yake, na haikuona sababu ya kupima rimu kwa inchi za Waingereza. Citroën Traction Avant, na baadaye DS ya mwaka 1955, zilivaa matairi ya 165-400: upana milimita 165, rimu milimita 400. Peugeot 203 ilikuwa na rimu ya 400 pia. Sasa chukua kikokotoo cha simu. Inchi 15 ni milimita 381. Inchi 16 ni milimita 406. Mia nne iko katikati, haipo huku wala kule. Dunia ilipokubaliana kupima rimu kwa inchi, magari ya 400 yalibaki yatima. Leo Michelin bado hutengeneza saizi hiyo kidogo kidogo katika kitengo chake cha magari ya kale, kwa wenye pesa na wenye mapenzi.

Peugeot 404, iliyozinduliwa mwaka 1960, ilivaa 165-380. Na 380 ni pungufu ya inchi 15 kwa milimita moja tu. Milimita moja! Tairi la inchi 15 linakaa hapo bila shida, kwa hiyo 404 leo huvaa 165 R15. Na nani mwingine anavaa hiyo 165 R15? Volkswagen Beetle, kobe wa Kijerumani. Kwa kuwa dunia imejaa watu wasiotaka kuachana na Beetle, viwanda havijaisahau saizi hiyo. Kwa hivyo gari lililoshinda Safari Rally mara nne limeokolewa na mapenzi ya watu kwa gari jingine kabisa.

Hiyo mara nne si ya kupita haraka. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari ya Afrika Mashariki. 7 ndiyo yaliyomaliza, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ilikuwa zamu ya Bert Shankland na Chris Rothwell, na 404 tena. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudi, wakashinda tena, na tena magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Halafu 504 ikapokea kijiti: Ove Andersson mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Kwa mtu wa hapa, matangazo ya biashara yalikuwa hayo. Gari limepita tope la Uganda, vumbi la Tanzania na mawe ya Kenya, kwa nini lisinifikishe Kericho? Pijo zikaunganishwa hapa nchini kutoka kwa vipande vilivyoletwa kwa meli, na 504 iliendelea kutoka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuitengeneza ile ya kawaida mwaka 1983.

504 ilikuwa na bahati kwa sababu ilizaliwa mwaka 1968 ikiwa na rimu ya inchi 14 kamili. Mdogo wake, 505, hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1975 Michelin walileta tairi la TRX. Kitaalamu lilikuwa zuri ajabu. Tairi na rimu vilibuniwa pamoja kama kufuli na ufunguo wake. Rimu ilipimwa kwa milimita 390, makusudi, ili mtu asije akalazimisha tairi la kawaida juu yake. Baadhi ya 505 za daraja la juu zilivaa hizo, 190/65 R390. Washindani hawakufuata. Matairi ya kawaida ya ubavu mfupi yakawa mazuri karibu kama TRX, kwa bei nafuu, na kufuli likabaki na ufunguo mmoja duniani. Ukiona 505 imelala juu ya mawe uani kwa mtu, angalia rimu kabla ya kulaumu injini.

Nimesema saizi hufa viwanda vikisahau. Kuna wakati tulikuwa na kiwanda chetu. Firestone East Africa ilianzishwa mwaka 1969, na kwa miaka mingi matairi yalitengenezwa Nairobi, Industrial Area. Baadaye kampuni ikawa Sameer Africa, na jina la tairi likawa Yana. Mwaka 2016 ikatangaza kufunga kiwanda. Matairi ya bei ya chini kutoka nje yalikuwa yamejaa, gharama za hapa zilikuwa juu, na mashine zikazimwa. Jina lilibaki, lakini mpira ukawa unapikwa ng'ambo.

Sisemi kwamba kiwanda hicho kingenitengenezea mimi tairi nne za Pijo. Kiwanda hakifanyi kazi kwa huruma. Ninachosema ni kwamba tulipokuwa nacho, swali la saizi gani inastahili kutengenezwa liliulizwa pia hapa, na watu waliokuwa wakiona barabara hizi kutoka dirishani. Sasa linaulizwa mbali sana, na jibu lake ni rahisi: kile ambacho Toyota inavaa. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, jibu hilo litazidi kuwa finyu kadiri miaka inavyokwenda.

Basi mwenye Pijo afanye nini? Kubadilisha rimu si rahisi. Rimu ya 504 ina matundu manne kwenye duara la milimita 140, na Toyota nyingi ndogo hutumia milimita 100. Hazikai, na fundi akikuambia atazichimba upya, mshukuru halafu uondoke.

Duka moja, ambalo sitalitaja, lilinitolea 175 R14 kamili, limefungwa nailoni, linanukia upya. Moyo uliruka. Nikainama nikatafuta nambari nne za mwisho kwenye ule msururu unaoanza na DOT. Ziliandikwa 2209. Maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2009.

"Lakini halijawahi kutembea!" mwenye duka akasema. "Ni mpya kabisa, mzee."

Halijatembea, ndiyo, lakini limezeeka. Mpira hufa polepole kwa hewa, joto na mwanga, hata ukiwa umelala ghalani. Watengenezaji, Michelin wakiwemo, hushauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno yake bado yana kina. Tairi la akiba la mjomba lilikuwa na meno mazuri pia. Nambari yake ilikuwa tatu tu: 387. Kabla ya mwaka 2000 waliandika tarakimu tatu, wiki ya 38 ya mwaka unaoishia na 7. Ni 1987 au 1997? Viwanda vingine viliweka kipembetatu kidogo kuonyesha miaka ya 1990. Hili halikuwa nacho. Nililikunja ubavu kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka kama udongo wa Kitui mwezi wa Septemba. Hilo sasa ni la fundi wa akala, kama atalitaka.

Jibu nililipata kwa kuacha kuuliza "mna tairi la Pijo?" na kuanza kuuliza ni nani mwingine anavaa kiatu kinachokaribiana na hiki. Tairi la 185/70 R14 lina kipenyo cha karibu milimita 615. Gari linashuka milimita 10 tu, mshale wa mwendo unadanganya kwa kilomita tatu katika mia, na alama ya uzito ni ileile 88, kilo 560. Linakaa vizuri kwenye rimu ya 504. Na linapatikana kwa sababu gari dogo la Kijapani la miaka ya 1990 liliwahi kulivaa, na magari hayo bado yapo barabarani. Nilichagua manne ya mwaka uleule, nikasoma kila ubavu mwenyewe kabla ya kulipa.

Wenye 504 pikapu na stesheni wagoni wana bahati zaidi. Zile zilivaa 185 R14, na tairi la mizigo la saizi hiyo, lenye herufi C mwishoni, limejaa kila duka kwa sababu ya vani za Kijapani. Hapo nilicheka peke yangu. Vani hizo ndizo zilizoiondoa Pijo kwenye barabara ya Nakuru. Zilibeba abiria wengi zaidi, spea zikawa rahisi, na kufikia miaka ya 1990 mambo yalikuwa yamekwisha. Kumbe zilipomzika mzee, zilihifadhi viatu vyake.

Wahenga walituambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Sijui wangesema nini juu ya Pijo, ambayo inatembea leo kwa viatu vya wale waliomrithi. Lakini nimejifunza kuyaangalia magari ya zamani kwa namna nyingine. Yaliyobaki barabarani hayakubaki kwa sababu yalikuwa bora kuliko yaliyopotea. DS ilikuwa gari la ajabu, na TRX ilikuwa tairi la ajabu. Yaliyobaki ni yale ambayo vipimo vyao viliingiliana na vya wengine, kwa milimita moja au kumi.

Kwa hiyo kama kwenu kuna Pijo chini ya mwembe, na mzee anasema ataiamsha Krismasi hii, usianze na injini. Chukua kitambaa chenye maji, futa ubavu wa tairi, usome.